Mratibu akipanda ndege, madaraka yabaki nyumbani

KUANZIA sherehe za Nane Nane hadi Desemba, kumbi za mikutano za Dodoma, Arusha, Mwanza na Dar es Salaam huwa na kazi mfululizo. Mavuno yameingia ghalani, fedha zinazunguka, na kila zao lina mkutano wake: alizeti, korosho, kahawa, mpunga, parachichi. Vyama vya wakulima na vya wafanyabiashara hukutanisha mamia ya watu kwa siku mbili au tatu, wakajadili bei, mbegu, mikopo na masoko.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya safari za nje. Maonyesho ya bidhaa ya Guangzhou, China, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na ya pili huanza katikati ya Oktoba. Maonyesho makubwa ya vyakula ya Ulaya nayo huangukia Oktoba: Anuga mjini Cologne, Ujerumani, katika miaka inayoishia na namba witiri, na SIAL mjini Paris, Ufaransa, katika miaka inayoishia na namba shufwa. Kwa hiyo mtu yule yule anayetakiwa kuandaa mkutano nyumbani ndiye anayetumwa nje kutafuta wanunuzi, wadhamini na watoa mada.

Wanachama wanaobaki husema mwenzao amekwenda kula maisha. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba mratibu wa mkutano aliye safarini halali, hali vizuri, na simu haimtoki mkononi. Wapo waliorudi na presha iliyopanda wakaanza dozi.

Kwa mtazamo wangu, tunakosea tunaposema kinachomtesa ni umbali. Kinachomtesa ni kwamba tumempakia ndegeni pamoja na madaraka yote ya chama. Na gharama ya kosa hilo halipi yeye peke yake. Inalipwa na mama lishe, mwenye mahema, mwenye basi dogo, na mkulima aliyetoa nauli yake kutoka kijijini.

Tofauti ya saa si kisingizio

Ni kweli saa zinasumbua. Benki zetu nyingi hufungua saa 2:30 asubuhi na kufunga mnamo saa 10:00 jioni. Kwa mtu aliye Guangzhou, ambako wako mbele yetu kwa saa tano, muda huo ni kuanzia saa 7:30 mchana hadi saa 3:00 usiku. Maana yake mchana wote anaotakiwa kuzungumza na wenye viwanda, simu za nyumbani zinamwandama.

Aliye New York wakati wa majira yao ya joto yuko nyuma yetu kwa saa saba. Benki ya Dodoma inapofungua, kwake ni saa 7:30 usiku. Inapofunga, kwake ni saa 3:00 asubuhi. Siku nzima ya kazi ya Tanzania inapita wakati yeye anatakiwa awe amelala.

Mawasiliano nayo yana mitego yake. China imezuia WhatsApp tangu mwaka 2017, na kamati nyingi za maandalizi hapa kwetu huendesha mambo yote kwenye kundi la WhatsApp. Mratibu akishanunua laini ya kule na kuitoa ya nyumbani, namba za siri ambazo benki hutuma kwa ujumbe mfupi ili kuthibitisha malipo hazimfikii. Fedha zipo, lakini haziwezi kutoka.

Hata hivyo, nina sababu ya kusema kwamba saa na mitandao si kiini cha tatizo. Oktoba 2023 nilikuwa Cologne kwenye Anuga, huku nikiwa mratibu wa mkutano wa wadau wa alizeti wa kanda ya kati uliopangwa kufanyika Dodoma mwishoni mwa mwezi huo. Tofauti ya saa kati ya Ujerumani na Tanzania wakati huo ni saa moja tu. Intaneti ilikuwa nzuri. Na bado kwa siku tano sikupata usingizi wa zaidi ya saa tatu kwa usiku mmoja.

Chama kilikuwa na fedha benki. Lakini taratibu zake ziliweka watia saini watatu, na kila malipo yanayozidi Sh1 milioni yalihitaji saini mbili. Wawili kati ya watatu hao, mwenyekiti na mimi, tulikuwa Cologne kwa uamuzi wa kikao halali cha chama. Dodoma alibaki mweka hazina na saini moja.

Siku ya pili mwenye ukumbi alitaka nusu ya malipo ifikapo Ijumaa, la sivyo angewapa watu wa harusi. Siku ya tatu mpishi aliuliza kama anunue mchele au asubiri. Siku hiyo nilikuwa nimepangiwa dakika 30 na mnunuzi wa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila kemikali, na dakika 20 kati ya hizo ziliishia kwenye simu. Alitazama saa yake, akanipa kadi, akaondoka.

Hatimaye mwenyekiti alibadilisha tiketi akarudi kabla ya wakati ili akaweke saini. Gharama ya kubadilisha tiketi ilizidi malipo ya awali ya mahema yaliyokuwa yanasubiri. Mkutano ulifanyika na watu wakala. Ila chama kilikuwa kimelipa mara mbili: kwanza kwa safari, kisha kwa kuivuruga.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, nilikwenda Paris kwenye SIAL nikiwa na kazi hiyo hiyo ya uratibu. Tofauti ya saa ilikuwa ile ile moja. Kabla ya kuondoka, kikao kilikuwa kimemteua kaimu mratibu, kikaongeza mtia saini wa nne na kuagiza kwamba wawili kati yao wasisafiri. Nilipigiwa simu mara mbili kwa siku, kwa saa tulizokubaliana, na mazungumzo yangu na wanunuzi niliyamaliza yote. Umbali ulikuwa karibu ule ule, mtu ni yule yule, kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni karatasi moja ya muhtasari wa kikao.

Hesabu ya mama lishe

Tuone sasa gharama hii inavyomfikia mtu wa chini. Tuchukue mfano wa mama lishe aliyepewa kazi ya kulisha watu 300 kwa siku mbili, kwa Sh15,000 kwa sahani. Jumla ya kazi yake ni Sh9 milioni. Kwa macho ya jirani, huyo ametajirika.

Lakini ili apike anahitaji mchele, nyama, kuku, mafuta, mboga, matunda na gesi. Tuseme asilimia 60 ya kazi, yaani Sh5.4 milioni, ni ununuzi wa sokoni ambako hakuna anayekopesha. Asilimia 25 nyingine inakwenda kwa wasaidizi, usafiri na vyombo vya kukodi. Faida inayobaki ni asilimia 15, sawa na Sh1.35 milioni.

Mratibu yuko nje, malipo ya awali hayajatoka. Mama anaambiwa, "Anza tu, mkubwa akirudi utalipwa." Anakwenda kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, anachukua Sh5.4 milioni kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mkutano unapita. Mkubwa anarudi, anakuta hesabu hazijafungwa, risiti hazijakusanywa, na mdhamini mmoja bado hajaleta fedha. Malipo yanatoka baada ya miezi miwili.

Riba ya miezi miwili ni Sh1.08 milioni. Katika faida yake ya Sh1.35 milioni amebakiwa na Sh270,000. Amepika sahani 600, na kila sahani imemwachia Sh450. Malipo yakichelewa mwezi wa tatu, anaingia hasara. Wanakikundi wenzake, ambao wengi wao ni wakulima waliotegemea kukopa kwa ajili ya mbolea mwezi Novemba, wanaambiwa sanduku halina kitu.

Hivyo ndivyo saini iliyosafiri inavyofika shambani. Katika uchumi, ucheleweshaji haupotei hewani. Kila siku inayochelewa kuna mtu anailipia. Mara nyingi ni yule asiye na uwezo wa kugoma.

Shilingi haisubiri

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Wadhamini wa nje huahidi kwa dola, huku gharama za mkutano ni za shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mkataba wa ukumbi na hoteli ni wa shilingi. Anayebaki katikati ni mwandaaji.

Mwishoni mwa Septemba 2024 dola moja iliuzwa kwa zaidi ya Sh2,700. Desemba ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh2,400. Ahadi ya dola 10,000 iliyokuwa na thamani ya Sh27 milioni ikawa Sh24 milioni. Sh3 milioni zimeyeyuka bila mtu kuiba hata senti. Kama hakuna aliyebaki nyumbani mwenye ruhusa ya kuipokea fedha hiyo na kuibadilisha mapema, au ya kupunguza idadi ya mahema bajeti inapopungua, deni linakwenda kwa wale wale wenye mahema.

Majivu yaliyofunga anga

Wengine watasema, "Atarudi wiki moja kabla, atamalizia." Wakumbuke Aprili 2010. Volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland ililipuka, na kuanzia Aprili 15 sehemu kubwa ya anga ya Ulaya ikafungwa kwa takriban siku sita kwa sababu ya majivu. Zaidi ya safari 100,000 za ndege zilifutwa. Wakulima wa maua wa Kenya hawatasahau: maua yalikatwa, yakapelekwa ghalani, yakaozea huko kwa kukosa ndege.

Haikupita hata mwezi, Mei 5 hadi 7, 2010, Dar es Salaam ikapokea Mkutano wa Uchumi wa Dunia kwa Afrika. Wageni walifika na mkutano ukafanyika. Lakini jiulize, ndugu msomaji: kama chama chako kingekuwa na mkutano Aprili 19 ya mwaka ule, na mratibu amekwama uwanja wa ndege wa Frankfurt akiwa na kitabu cha hundi kwenye begi, ingekuwaje? Miaka kumi baadaye, mwaka 2020, janga la Uviko-19 lilifunga viwanja karibu dunia nzima, na waliokuwa safarini walikaa huko kwa wiki na miezi.

Tanzania imekwisha kupokea mikutano mikubwa ya kilimo. Septemba 2023 Dar es Salaam ilipokea mkutano wa mifumo ya chakula Afrika, na Februari 2025 ikapokea mkutano wa nchi 25 za Afrika zinazolima kahawa. Mikutano ya namna hiyo ina kamati na kila kamati ina mwenye kuamua. Mgonjwa anaugua, msafiri anasafiri, kazi inaendelea. Vyama vyetu havina fedha kama za serikali, lakini kugawana madaraka hakununuliwi kwa fedha.

Hofu ya wizi

Najua kwa nini viongozi wanang'ang'ania saini. Wanachama wengi wa vyama vya ushirika wamewahi kuona fedha zikiliwa. Mwenyekiti anaona heri asafiri na funguo kuliko kumwachia mtu ghala. Hofu hiyo ina msingi, na sitaidharau.

Lakini tuangalie kinachotokea badala yake. Siku ya kuondoka, mratibu anaketi na mweka hazina na kusaini hundi tupu tano au kumi, zisizo na kiasi wala jina, ili "mambo yasikwame". Au anamwachia karani simu ya chama na namba ya siri. Huo ndio mlango wa wizi ulio wazi kuliko yote. Fedha hailindwi kwa kuwa mbali nayo. Inalindwa na watu wawili wanaoonana, bajeti iliyopitishwa, na ukomo wa kila malipo.

Kaimu anayeruhusiwa kulipa hadi kiwango fulani, kwa vitu vilivyomo kwenye bajeti, akiwa na mtia saini mwenzake pembeni, na akituma taarifa ya maandishi kila jioni, ana nafasi ndogo ya kuiba kuliko karani mwenye hundi tupu.

La kufanya kabla ya safari

Ushauri wangu kwa vyama ni huu. Kwanza, wiki tatu kabla ya safari kifanyike kikao kimtaje kaimu mratibu kwa jina, na muhtasari uandikwe na kugongwa mhuri. Benki hazikubali maneno. Kuongeza mtia saini kunahitaji muhtasari, vitambulisho na picha, na kunaweza kuchukua siku kadhaa.

Pili, malipo ya awali ya ukumbi, chakula, mahema na usafiri yatoke kabla mratibu hajapanda ndege. Kama fedha haijapatikana hadi hapo, basi swali si nani asafiri. Swali ni kama mkutano uwe wa watu 300 au 150.

Tatu, zipangwe saa mbili tu za simu kwa siku, na mtu mmoja tu wa kupiga. Kamati ya watu tisa isimpigie mratibu kila mmoja kwa wakati wake kuuliza rangi ya vitambulisho. Kama anakwenda China, njia ya mawasiliano ijaribiwe kabla, na laini yake ya nyumbani ibaki kwenye simu.

Nne, mambo ya wageni wa nje, hasa viza, yaanze miezi miwili kabla na yashikwe na mtu aliye nyumbani. Viza ya kawaida na ya biashara ni vitu viwili tofauti, na raia wa baadhi ya nchi wanahitaji kibali maalumu kabla ya kuja. Mtoa mada akizuiwa uwanjani, aliye Paris hawezi kumsaidia.

Tano, mratibu asiwe nje ya nchi ndani ya siku 14 za mwisho. Kama maonyesho ya nje yanaangukia hapo, ama atumwe mwingine, ama tarehe ya mkutano isogezwe. Maonyesho hayatatusogezea tarehe yao, sisi tunaweza.

Na kwa wafanyabiashara wadogo mnaohudumia mikutano: msianze kazi kwa neno la simu kutoka ng'ambo. Dai hati ya kuagiza huduma yenye saini na mhuri. Dai malipo ya awali yasiyopungua gharama yako ya sokoni. Kwa yule mama wa mfano wetu ni Sh5.4 milioni. Uliza nani anasaini malipo mkubwa akiwa hayupo, na umtafute umwone kwa macho. Andika kwenye mkataba tarehe ya kumaliziwa malipo. Toa risiti ya mashine kwa wakati ili usiwape kisingizio cha kukuchelewesha. Mtu akikujibu kwamba huna imani naye, mwambie imani unayo, mtaji ndio huna.

Safari za nje tunazihitaji. Mnunuzi wa mafuta, ufuta au parachichi hataweka oda kwa kusoma barua. Anataka kumwona mtu, aonje, aulize. Ndiyo maana inauma chama kinapolipa nauli, hoteli na banda la maonyesho, halafu mjumbe wake anakaa korido akijibu simu ya viti na maturubai. Amekwenda kuuza mazao yenu, mwacheni auze.

Katika mkutano mkuu ujao wa chama chako, wakati wa mengineyo, simama uulize swali moja: mratibu wetu akisafiri kesho, nani anasaini? Kama meza kuu itatazamana, msipitishe bajeti ya safari mpaka jibu lipatikane na liandikwe kwenye muhtasari.